Tumba, Valisi na Bwana Komisere

Vidole vyangu vilistaafu kabla yangu. Jumapili moja niliviamuru vyote kumi vishuke juu ya ngozi ya tumba, vikashuka saba. Vitatu vilibaki hewani vikitafakari. Nikajua yamekwisha. Okestra ikanifanyia sherehe, ikasomwa hotuba ya kunisifu kwa mambo ambayo sikuyafanya, na ninyi wadogo zangu mkaniomba niandike ya kazini kabla sijaanza kuyachanganya. Bon, haya. Habari za vyeo msizitafute humu, maana mpiga tumba huanza nyuma ya jukwaa na humalizia hapo hapo.

Mimi ni mtoto wa wavuvi wa maporomoko. Kwetu maji yana kelele mno, mtu akitaka kuomba chumvi lazima apige ukelele, na hata umbea tunausema kwa sauti ya kumfikia mwenyewe anayesengenywa. Baba alitaka nirithi mitego yake ya samaki. Mimi nikatoroka kwenda Mangobo, mtaa wa hapa mjini, kwenye baa ya Mama Feza, ambako okestra ya Papa Célestin ilipiga kila Jumapili, tangu misa ilipomalizika mpaka jua lilipokaribia kuzama. Ulikuwa bado wakati wa Wabelgiji, na giza lilikuwa na sheria zake kwa mtu mweusi.

Papa Célestin alikuwa fundi cherehani siku za kazi na mpiga gitaa Jumapili, na sindano zilikaa kwenye kola ya shati lake siku zote saba. Siku yangu ya kwanza nilifika nimenyoosha mikono tayari. Akanitazama juu mpaka chini, akasema:

“Tia mikono mu mifuko.”

“Papa, nimekuja kupiga tumba.”

“Najua. Tia mikono mu mifuko, ikala pale, angalia miguu ya batu.”

Mwezi mzima nilikalia kreti ya bia nikitazama miguu. Papa Célestin aliniuliza ghafla, katikati ya wimbo: yule mama wa kitenge cha manjano, amechoka au bado? Yule kijana mwembamba, anacheza na mwanamke au anacheza na viatu vyake vipya? Nikikosea, naongezewa wiki. Alisema mpiga tumba anayetazama mikono yake mwenyewe ni sawa na mpishi anayejipikia, anayejipakulia na anayejisifu. Nyimbo zetu hazikuwa na urefu maalumu. Miguu ikiwa bado ina nguvu, wimbo uliendelea.

Tumba yenyewe niwaeleze, kwa kuwa zenu zimetoka dukani na zina skrubu. Yangu ilikuwa pipa la mbao lililowambwa ngozi ya mboloko, yule paa mdogo wa msituni, iliyoletwa kwa lori kutoka Bafwasende. Haikuwa na skrubu. Ilikuwa na moto. Kabla ya kupiga unaiinamisha karibu na mbabula, jiko letu la makaa, mpaka ngozi ijikaze. Ukichelewa, inaongea kama mtu mwenye bonge la fufu mdomoni. Na kulikuwa na alama moja niliyofundishwa kwa makofi ya kisogo: mapigo matatu makavu, kata! Hapo mwimbaji ananyamaza, hata kama neno liko nusu mdomoni, na magitaa yanaingia kwenye sebene, pale ambapo maneno yanakwisha na miguu inachukua kazi.

Mwimbaji wetu alikuwa Amisi. Alizaliwa katika familia ya Waislamu wa zamani wa hapa Kisangani, ambao babu zao walikuja na misafara ya biashara wakabaki. Mama yake aliambiwa kwamba kila Jumapili Amisi anauza vitambaa sokoni. Mangobo nzima ilijua ukweli, kwa hiyo mama naye aliujua, lakini wote wawili waliutunza ule uongo vizuri, usivunjike. Tulikuwa rika moja. Alipokuwa na njaa nilimpa samaki, nilipokuwa na njaa alinipa pilau, na njaa ilipotushika wote wawili tulikwenda kumsalimia Mama Feza kwa heshima nyingi.

Amisi aliimba macho yamefumbwa nusu, lakini ufundi wake mkubwa ulikuwa kutaja majina. Katikati ya kila wimbo pana mahali ambapo mwimbaji humwita mtu aliyemo ukumbini. Anayetajwa husimama acheze, na hasimu wake hununa mpaka naye atajwe. Wakati wa Wabelgiji majina yalikuwa machache: katekista, muuguzi mkuu, fundi wa baiskeli. Ulipokuja uhuru, masikini Amisi! Kila mtu akawa mkubwa. Palikuwa na wakurugenzi, wasaidizi wa wakurugenzi, na marais wa kamati zenye mwanachama mmoja. Tena hawakudumu. Jumapili moja Amisi alimtaja mkuu wa komini mwanzoni mwa wimbo. Gitaa likazunguka, redio ya jirani ikatangaza uteuzi mpya, na kabla ya sebene akamtaja mkuu mwingine. Yule wa kwanza alikuwa bado amesimama anapiga makofi. Wote wawili walicheza, na hakuna aliyeumia, maana wimbo wa ukumbini ukishapita umepita.

Sasa diski. Papa Célestin, mtu mwenye akili zake, naye alitamani kuingia kwenye diski. Studio zilikuwa Leopoldville, mji mkuu, na kwa kusafiri na ala kwenye meli ilitakiwa barua ya Komisere Balimaka, aliyekuwa mkuu wa serikali hapa mjini. Yeye mwenyewe hatukumwona. Karani wake alitupokea mlangoni, akatuletea barua, akatunong’oneza kwamba mkubwa angefurahi kusikia jina lake kwenye diski. Tukasema, jina tu? Jina ni kitu gani? Tukapanda meli tukishuka mto siku nyingi, tukila samaki wa kukaanga na kujiona mastaa.

Studio ilikuwa chumba kilichofunikwa magodoro ukutani, kana kwamba wanahofia muziki utajigonga. Palikuwa na mashine ya baridi. Niliomba mbabula nikaze ngozi, fundi Mzungu akanitazama kama niliyeomba kuchoma nyumba. Dakika chache tu na tumba yangu ikalegea kabisa. Fundi akasema mlio huo ni wa tumbo la mgonjwa. Akanipeleka nje kwenye korido, karibu na choo, akanipa valisi yake ya ngozi na kuniambia nipige hiyo. Ndiyo, wadogo zangu. Mpiga tumba wenu, mtoto wa maporomoko, aliingia katika historia akipiga sanduku la nguo.

Amisi yeye aligeuzwa ukutani. Aliuliza, “Batu ya kucheza iko wapi?” Fundi akamwonyesha taa nyekundu. Ikiwaka, imba, ikizimika, nyamaza. Dakika tatu, hakuna sebene. Palipofika mahali pa jina, hapakuwa na mtu ukumbini wa kuitwa, isipokuwa magodoro, kwa hiyo Amisi akaimba kama anayesoma tangazo la ofisi: Komisere Balimaka, baba wa Boyoma, yaani baba wa mji wetu. Taa ikazimika. Papa Célestin alitoa sindano moja kwenye kola, akaitazama muda mrefu, akairudisha.

Tuliporudi, diski ilikuwa imetutangulia. Kwenye karatasi yake ya katikati hawakuandika majina yetu, waliandika tu kwamba ni okestra ya Stanleyville, jina la mji wetu wakati ule. Mama Feza aliiweka kwenye pikopu yake, ile mashine ya kupigia diski, Mangobo ikasikiliza kwa adabu, kimya, kama watu waliofika msibani na hawamjui marehemu. Ilipokwisha, Mama Feza akasema:

“Iko muzuri. Sasa mupige ya kweli.”

Mtu mmoja tu aliipenda, naye ni Komisere. Walisema anaipiga madirisha wazi kila apatapo mgeni, na kwamba hakuna muziki mwingine nchini unaoifikia. Kuja Mangobo kutusikia sisi wenyewe hakuja hata siku moja.

Kisha waasi wakauchukua mji. Komisere alivuka mto kwa pirogi akiwa na soksi bila viatu, akaacha nyumba, pikopu na diski. Karani wake hakupata pirogi. Walimuua kwa sababu alikuwa na kalamu mfukoni. Alikuwa mtu mpole, na wakati ule tulikuwa tunaogopa hata kumlilia kwa sauti.

Komanda wa waasi akaingia kwenye nyumba ile, akaweka diski kwenye pikopu, akasikia jina la adui yake linasifiwa. Akauliza ni nani hao wanaoimba. Kuna mdomo mmoja Mangobo, Mungu anaujua, uliomwambia ni sisi. Saa nane mchana wapiganaji wakaja na majani vichwani, wakatukusanya na ala zetu kwenye ua wa Mama Feza. Komanda alikaa kwenye kiti cha Mama, pikopu mbele yake. Akaipiga diski mpaka mwisho.

“Njo sauti ya nani ile?” akauliza. “Ile mwenye kusifu Balimaka, leo naikata shingo.”

Amisi alikuwa kando yangu. Papa Célestin akasogea mbele, sindano zinang’aa kolani.

“Apana siye, mon commandant. Ile ni batu ya Leopoldville.”

“Mupige ile wimbo. Niko na masikio.”

Papa Célestin alirudi kwetu, akajifanya anakaza nyuzi, akatunong’oneza, “Mupige vile tunapiga sikuzote. Musifiche kitu.” Mimi niliona ni wazimu. Lakini mbabula ya Mama Feza ilikuwa inawaka, ngozi imekazwa vizuri, na mikono ikishajua kazi haingojei ruhusa. Tukaanza.

Wapiganaji walikuwa na dawa inayogeuza risasi kuwa maji, na dawa ina miiko yake: marufuku kumgusa mwanamke. Basi wakaanza kutikisika mmoja mmoja, kila mtu na bunduki yake, huku akina mama wa Mangobo wakicheza mbali mita mbili na kuwacheka kwa macho. Nikatazama miguu. Ilikuwa miguu mizuri, siwezi kusema uongo. Amisi naye alipoiona akasahau shingo yake. Alimtaja Mama Feza, akamtaja fundi wa baiskeli, akafumba macho, wimbo ukampanda. Hapo ndipo nilipoona mdomo wake unajiandaa. Jina la Balimaka lilikuwa limeshonewa mahali pale, tumelirudia mara mia kwenye meli, na ulimi wa mwimbaji ni punda: unajua njia ya nyumbani hata mwenyewe akisinzia.

“Komi...” akaanza.

Nikapiga. Tatu, makavu, kata! Nilipiga kwa nguvu za hofu yote niliyokuwa nayo, ngozi ikapasuka ukingoni. Amisi akanyamaza neno likiwa nusu, kama alivyofundishwa, na magitaa yakaingia. Akafumbua macho, akanitazama, akaelewa alikuwa anakwenda wapi. Jasho lilimshuka kama mtu aliyemwagiwa ndoo. Sebene ile ilikwenda mpaka wapiganaji wawili wakakaa chini, na Komanda mwenyewe akawa anacheza akiwa kitini.

Mwisho akainua mkono. Tukangoja hukumu.

“Apana. Bale si hawa,” akasema. “Bale ba diski banapiga kama batu ya njaa. Na ule wa tumba, masikio yangu haidanganye, ule iko napiga valisi!”

Watu wakacheka sana. Ilinibidi nicheke mimi pia, kwa sauti, na hiyo ndiyo kazi ngumu kuliko zote nilizofanya jukwaani. Komanda akaamuru kwamba wale wa Leopoldville wakipatikana wauawe bila swali, nasi tukakubali kwamba wanastahili. Kisha akasema tangu leo tutakuwa tunapiga pale kila mchana, na mahali pa jina tutie lake. Tukalitia. Nani angelikataa? Mangobo nzima ilicheza.

Ikawa hivyo mpaka ndege ziliposhuka kwenye uwanja wa Simi-Simi na jeshi la serikali likarudi. Komanda akapotea msituni, dawa yake na yote. Komisere akarudi mjini na viatu. Sasa wakaanza kutafutwa waliowaimbia waasi, na asubuhi moja, tunakunywa chai, askari wakamchukua Amisi. Ule mdomo mmoja ulikuwa bado na afya nzuri.

Mimi na Papa Célestin tulikimbia na ala zetu mpaka kwa Komisere. Safari hii diski ilikuwa ndiyo wakili wetu: aliyemsifu Komisere kabla ya waasi hawezi kuitwa mwasi. Komisere alitupokea barazani pamoja na afisa wa jeshi, valisi zake bado zimepangwa mlangoni. Alituambia diski yake aliikuta kwenye pikopu, salama, na kwamba hilo ndilo jambo pekee lililomtoa machozi ya furaha.

“Mukubwa, ni siye twaliimba ile diski,” Papa Célestin akasema.

“Ninyi?” Komisere akatutazama miguuni. “Alors, tusikie.”

Amisi akaletwa, akafunguliwa kamba. Mikono yake ilikuwa imevimba. Akaimba, na niwaambieni, sijapata kumsikia akiimba vile. Aliimba kama mtu anayejua kwamba huenda ni mara ya mwisho. Alimtaja Komisere kwa sauti ambayo hata mimi, ninayemjua Komisere, ilinifanya nimpende. Komisere akatikisa kichwa.

“Non, non. Bale si hawa. Bale ba diski banaimba na adabu, banapiga taratibu. Hii ni kelele ya Mangobo.”

Afisa akawaita askari wawili. Amisi alinitazama. Na hapo hapo macho yangu yakaangukia mlangoni.

“Mukubwa,” nikasema, “unisamehe, niombe valisi yako?”

Hakuelewa, lakini alikuwa amezoea kuombwa vitu. Nikailaza valisi juu ya magoti, nikaipiga: tupu, tupu, tupu. Papa Célestin akashtuka, kisha akaanza gitaa haraka haraka, kama mtu anayewahi meli. Amisi akageuka taratibu, akatupa mgongo sisi wote, akaukabili ukuta wa baraza. Akaimba bila miguu ya mtu wa kutazama, bila kupanda, bila kushuka. Alipofika kwenye jina akalisoma kama tangazo la ofisi. Mimi nilihesabu kichwani. Dakika tatu zilipotimia nikaacha, na wote wakaacha, katikati ya kitu, bila sebene.

Komisere alikuwa amesimama. Machozi yalikuwa yanamtoka kweli kweli.

“Njo bale!” akamwambia afisa. “Njo bale benyewe! Mumuache!”

Tulirudi kwa miguu mpaka Mangobo, watatu. Tulipokaribia soko Amisi akasema, “Gaspard, leo tumepiga mubaya.”

“Mubaya kabisa.”

Akanishika mkono kwa ule wake uliovimba, hakuuachia mpaka kwa Mama Feza. Nililia njiani na sioni aibu kuandika.

Jumapili iliyofuata ua ulijaa. Yule afisa naye alikuja, amenyoa vizuri, akakaa meza ya mbele, na kila mtu alijua anangoja nini. Wimbo ukapanda. Ukafika mahali pa jina. Amisi akavuta pumzi, akafungua macho, akanitazama mimi. Hatukuwa tumepanga kitu. Nikapiga tatu, kata, na yeye akafunga mdomo kabla hata haujatoa sauti. Afisa akabaki amenyanyuka nusu kitini, anangoja jina lake. Sebene ikaingia, na miguu yake haikungoja.

Amisi aliimba nasi miaka mingi baada ya hapo, mpaka kifua kilipomwondoa, na hakumtaja tena mtu yeyote, mkubwa wala mdogo. Wengi walikuja kumsihi. Sasa wanakuja kwenu, nimewaona wakiwanong’oneza nyuma ya jukwaa, nanyi mmeniuliza kwa nini katika ule wimbo pana kipande ambacho tumba inalia peke yake na mwimbaji amenyamaza, na kama mnaweza kutia kitu pale. Pale pana shingo ya mtu. Msitie kitu.